Darasa la milioni 20 Mwanza: ruzuku, kodi ya jengo, ushuru wa huduma au mchango wa mzazi?

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yakishatoka, mikutano ya mitaa Mwanza inarudi kwenye swali lile lile: watoto wengi, vyumba vichache, hela ya kujenga itoke wapi? Majibu huwa manne. Wapo wanaosema Serikali Kuu ilete. Wapo wanaosema halmashauri ina mapato yake, itoe. Wapo wanaouliza ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU inakwenda kufanya kazi gani. Na wapo, mara nyingi walioketi meza kuu, wanaosema tuchangishane. Nimeyaweka majibu hayo sambamba kwa ajili ya mjumbe wa kamati ya shule, na kwa mzazi yeyote anayeombwa kunyoosha mkono kabla hajaonyeshwa hesabu.

Kipimo changu ni darasa moja. Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa mkopo wa UVIKO-19 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, darasa moja lilitengewa shilingi milioni 20. Bei ya saruji na nondo haikubaki pale ilipokuwa, na kwenye vilima vyetu kuvunja mwamba ili upate pa kuchimba msingi ni gharama inayojitegemea. Hata hivyo milioni 20 ni namba iliyokwisha kutumika, na inatosha kulinganishia.

Ruzuku kutoka Hazina

Elimu bila ada ilianza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi Serikali inatenga shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Wa sekondari ni 25,000, nusu yake vitabu.

Gawanya 6,000 kwa miezi 12 upate shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwa 500 hununui hata kaunta buku. Shule yenye watoto 1,000 inapata laki tano kwa mwezi, na humo mwalimu mkuu atoe chaki, karatasi za mitihani, umeme, maji, kitasa kilichovunjika na bomba linalovuja. Ili ruzuku peke yake ijenge darasa moja, ungehitaji ya mwaka mzima ya watoto zaidi ya 3,300, wote wakae bila chaki.

Na kiwango chenyewe ni cha zamani. MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002, ruzuku ilihesabiwa kuwa dola 10 kwa mtoto, ambayo kwa wakati ule ilikaribia shilingi 10,000. Shilingi zikabaki pale pale. Leo 10,000 haifiki hata dola 5.

Hata hivyo ruzuku ina sifa moja ambayo vyanzo vingine vyote vinaikosa. Haiulizi mtoto anaishi wapi. Mtoto wa kisiwa cha Ukara na mtoto wa Capri Point, mtaa wa wenye nacho, wanahesabiwa sawa, na mshahara wa mwalimu aliyepangwa kisiwani unatoka mfuko ule ule unaomlipa mwalimu wa Pamba. Ukubwa wa jambo hili utauona tukifika kwenye mfano wa Texas, Marekani.

Kodi ya jengo

Ukinunua umeme wa 5,000 mwanzoni mwa mwezi, ujumbe unaoingia kwenye simu unaonyesha 1,500 imeshakatwa kabla hujaona uniti. Hiyo ndiyo kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida, 18,000 kwa mwaka, kwa kiwango kilichopitishwa mwaka 2023. Ghorofa mjini linalipa 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, yaani 90,000 kwa mwaka.

Kwa kipimo chetu, darasa moja ni kodi ya mwaka mzima ya nyumba za kawaida 1,112. Au ni maghorofa 56 ya sakafu nne nne. Mwanza ina nyumba nyingi kuliko hizo mara nyingi sana, kwa hiyo chanzo kipo. Tena ni chanzo kisichohama: mfanyabiashara anaweza kuhamia Geita na samaki wanaweza kupungua, lakini nyumba itabaki mahali pake.

Shida zipo mbili. Ya kwanza ni nani anayeishika. Hadi mwaka 2016 halmashauri za miji zilikusanya kodi hii zenyewe. Julai mwaka huo kazi ikahamia TRA, mwaka 2018 vikaja viwango bapa badala ya kuthamini kila jengo, na mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU. Ukusanyaji ukawa mwepesi kuliko wakati wowote, kwa sababu hakuna anayekwepa kununua umeme. Ila kinachorudi kwenye halmashauri kinapitia Hazina kwanza, na viwango vinapangwa bungeni. Diwani wako hawezi kusimama Mabatini akasema, "Mwaka huu kodi ya majengo ya kata hii imejenga vyoo vile pale." Mkono unaokata na shule inayosubiri havionani.

Ya pili ni nani anayebeba. Nyumba ya vyumba vitatu juu ya mawe ya Mabatini, ambayo maji inayapata kwa kupandisha ndoo, inalipa 18,000. Bangalo la Capri Point lenye bustani inayoteremka hadi karibu na maji, kwa kuwa si ghorofa, nalo linalipa 18,000. Na kwa kuwa makato yanafuata mita, anayelipa mara nyingi ni mpangaji wa chumba kimoja, ilhali mwenye nyumba yuko Dar es Salaam. Kisheria mdaiwa ni mwenye jengo, na mpangaji ana haki ya kudai irudishwe au ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Ni wangapi wanaodai?

Ambako kodi ya nyumba ndiyo inayosomesha

Mtu akisema kodi za Mwanza zisomeshe watoto wa Mwanza, basi, atapigiwa makofi. Kabla ya kupiga makofi, tazama nchi iliyofanya hivyo kwa zaidi ya karne. Marekani karibu nusu ya fedha za shule za umma hutoka kwenye eneo husika, na sehemu kubwa ya hizo ni kodi ya majengo na ardhi.

Mjini San Antonio, Texas, kulikuwa na wilaya mbili za shule ndani ya mji mmoja. Edgewood ilikuwa ya watu maskini, wengi wenye asili ya Meksiko. Alamo Heights ilikuwa ya matajiri. Mwaka wa masomo 1967/68, wakazi wa Edgewood walijitoza kiwango kikubwa zaidi: dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali iliyothaminiwa. Kwa jasho lote hilo walipata dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights walijitoza senti 85 tu, wakapata dola 333. Hata baada ya jimbo na serikali ya shirikisho kuongeza zao, Edgewood waliishia na dola 356 kwa mtoto na Alamo Heights dola 594.

Soma tena mahali pale. Maskini alitozwa kwa kiwango cha juu zaidi na mtoto wake akapata kidogo zaidi, kwa sababu tu nyumba za jirani zake hazina thamani. Wazazi wa Edgewood, wakiongozwa na Demetrio Rodriguez, walikwenda mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4.

Sasa yalete haya kwenu. Ilemela ina uwanja wa ndege na Rock City Mall. Nyamagana ina katikati ya jiji, benki na bandari. Ukerewe ina visiwa na vijiji vya wavuvi ambavyo unatembea mwanzo hadi mwisho bila kuona ghorofa. Kwimba ina pamba, mpunga na ng'ombe. Mkoa una watu 3,699,872 kwa sensa ya 2022, na zaidi ya nusu yao wanaishi nje ya Ilemela na Nyamagana, halmashauri mbili za mjini. Mwalimu akilipwa kwa kodi ya majengo ya mahali anapofundisha, Ukerewe haitakuwa na walimu. Ndiyo maana, pamoja na wembamba wake wote, mishahara na ruzuku sitaki zitoke Hazina zikahamie kwenye kodi za miji.

Kuna jambo jingine la kujifunza kule Marekani, nalo ni misamaha. Jimbo la Illinois linaruhusu mji kama Chicago kutangaza eneo fulani kuwa la uendelezaji maalumu, na kwa miaka 23 ongezeko lote la kodi ya majengo katika eneo hilo likaingia kwenye mfuko wa uendelezaji. Shule zinabaki na kodi ya thamani ile ya mwanzo. Majengo yanapanda, barabara zinang'aa, na shule ya jirani haioni ongezeko. Kwetu misamaha ina sura nyingine, lakini swali ni hilo hilo: mwekezaji akipewa nafuu ya tozo za halmashauri ili aje, pengo linazibwa na nani, na kwa fungu lipi?

Kuvuka ziwa tu, Kisumu wamegawana kwa namna yao. Katiba ya Kenya ya 2010 inaipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya taifa. Gavana anaweza kukusanya kodi za ardhi na vibali vya biashara atakavyo, darasa la shule ya msingi si kazi yake kikatiba. Kwetu halmashauri ndiyo inayozisimamia shule hizo, kwa hiyo tuna mahali pa kuulizia ambapo jirani zetu hawana.

Ushuru wa huduma na mapato mengine ya ndani

Hapa ndipo ningependa mjumbe wa kamati akae muda mrefu, kwa sababu ndiyo fedha pekee kati ya hizi nne inayojadiliwa na watu unaoweza kuwafikia kwa miguu.

Ushuru wa huduma upo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa, yaani 3,000 kwa kila milioni moja ya mauzo. Kwa kiwango hicho, darasa moja linatoka kwenye mauzo ya shilingi bilioni 6.7 hivi. Kwa duka la Makoroboi hiyo ni ndoto. Kwa kiwanda kimoja kikubwa cha minofu ya sangara, kwa benki, kampuni ya simu au muuzaji wa jumla wa mafuta, ni mauzo ya kawaida. Juu yake kuna leseni za biashara, ushuru wa masoko na stendi za Nyegezi na Nyamhongolo, vibali vya ujenzi, na kule Kirumba Mwaloni, dagaa na samaki wanaopakiwa kila asubuhi kwenda Kongo na kwingineko.

Faida yake ni kwamba darasa haliwagharimu wazazi peke yao. Linamgusa kila anayepata riziki kwenye mji huu, hata asiye na mtoto shuleni, hata mwenye hisa anayeishi mbali. Tena matumizi yake yanapitishwa na Baraza la Madiwani. Diwani ana jina, ana kata, na kura zikifika anarudi kukuomba.

Kasoro zake nazo si ndogo. Ushuru huu unatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa hiyo aliyefunga mwaka kwa hasara bado anadaiwa. Malalamiko hayo ya wafanyabiashara ni ya haki. Unayumba pia: sangara walipopungua ziwani, viwanda vilipunguza zamu, na mapato ya halmashauri yakaingia kwenye mtikisiko ambao shule haikuusababisha. Mpaka nao una maneno yake. Tangu Ilemela ilipotengana na Jiji mwaka 2012, baba anaweza kufanya kazi kiwandani upande mmoja, ushuru ukabaki huko, na mwanawe akasoma upande wa pili kwenye darasa lililofurika. Halafu kuna kampuni zenye makao Dar es Salaam na matawi hapa. Halmashauri isipofuatilia mauzo ya tawi, ushuru wake huishia makao makuu.

Na kabla shule haijafikiwa, kapu limeshachotwa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, jambo ambalo sipendekezi liguswe. Kuna taka, posho za vikao, mafuta ya magari, barabara za mitaa. Sehemu ya maendeleo ikishatengwa, inagombaniwa na kata zote, na kata ya diwani mpole husubiri.

Ukiniuliza leo darasa jipya litoke wapi, jibu langu ni hapa. Kodi ya jengo ingefaa zaidi kwa muda mrefu, ikithaminishwa upya ili Capri Point na Mabatini zisilipe sawa, na sehemu inayoeleweka ikarudi halmashauri kwa ajili ya majengo ya shule. Lakini hilo ni la Bunge. Ushuru wa huduma ni wa Baraza la Madiwani la mwaka huu.

Mchango wa mzazi

Shule ya watoto 1,000, kila mtoto 20,000, darasa limepatikana. Ndiyo hesabu rahisi kuliko zote, na ndiyo maana huwa ya kwanza kutajwa. Iangalie vizuri: ni kubwa kuliko kodi ya jengo ya mwaka mzima, inatozwa kwa kichwa cha mtoto, na mwenye watoto wanne analipa mara nne, hali wenye maghorofa wasio na watoto shuleni hawaguswi. Kwenye mkutano mmoja nilioukalia, mama muuza dagaa alisimama akasema, "Mwenyekiti, mimi natozwa ushuru sokoni, nakatwa kwenye LUKU, na sasa unaniambia elfu ishirini mara watoto watatu. Nitakuwa nimelijenga hilo darasa mara ngapi?" Mwenyekiti alimjibu, "Mama yangu, nakuelewa," kisha ajenda ikaendelea.

Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, baada ya watoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa fedha. Msimamo uliobaki ni kwamba mchango wa hiari unaruhusiwa kwa utaratibu, na mtoto hazuiwi kuingia darasani. Katika maisha ya kila siku, hiari hiyo huja na orodha ya majina inayosomwa hadharani.

Sikatai kwamba michango ina nguvu. Ni ya haraka, na watu hulinda walichokijenga. Msaragambo wa kubeba mawe na kusomba mchanga umejenga shule nyingi za kanda hii, na mawe Mwanza hatununui mbali. Kinachoniumiza ni maboma. Wananchi wanachanga, wanapandisha kuta hadi kwenye lenta kwa ahadi kwamba halmashauri itapaua, kisha mwaka wa fedha unaisha, mwingine unaisha, mvua inakula matofali, na aliyeahidi ameshahamishwa. Darasa la nusu bei lililokaa miaka bila bati ni ghali kuliko yote niliyoyataja hapa.

Kwa hiyo uchague nini?

Inategemea unachotaka kulipia. Chaki, mitihani, matengenezo madogo na mishahara vibaki Hazina, na shinikizo letu kwa wabunge liwe kupandisha ile 10,000. Hapo Texas imetuonyesha vya kutosha.

Darasa, choo na madawati, dai mapato ya ndani. Kigezo cha choo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25; darasa la msingi ni watoto 45. Hesabu shuleni kwenu, andika pengo kwenye karatasi moja, ipeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Mchango ubaki kwa yale ambayo wazazi wenyewe wamekubaliana, kama uji wa saa nne, na kwa nguvu kazi. Kama ni ukuta, usichange hata tofali moja kabla halmashauri haijaandika kiasi cha kupaua na mwaka wa fedha kitakapotoka. Barua ya mkurugenzi, si ahadi ya jukwaani. Shule ikiwa haina hata chumba cha kufungulia mwaka na Januari imefika, ukweli ni kwamba mtachanga. Basi dai risiti kwa kila mzazi, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na yale ya ruzuku.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla, ikianzia mitaani na kwenye kata, ikifika Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka. Ukisubiri Juni umechelewa. Mwulize diwani wako mapema: mwaka uliopita ushuru wa huduma ulikusanywa kiasi gani na walipaji kumi wakubwa ni akina nani, matawi ya kampuni za Dar es Salaam yalilipa hapa au kule, kiasi gani kilikwenda kwenye majengo ya shule na kwa kata zipi, na boma la shule yenu limo kwenye orodha ya kupauliwa kwa shilingi ngapi.